Swali la Kliniki, Jibu la Ukoo

Katika kliniki za kisukari na za shinikizo la juu la damu kuna swali ambalo kila mgonjwa mpya hulisikia: je, yupo mtu katika ukoo wenu mwenye ugonjwa kama huu? Jibu lililozoeleka ni neno moja: sijui. Mgonjwa hasemi uongo. Wanaojua hawakufuatana naye kliniki. Wako kijijini au mji mwingine, na atawaona siku ya harusi, ya Idi, ya Krismasi au ya ubatizo wa mjukuu. Jibu liko huko sherehani, na ni hasara kwamba watu hula, hucheza na kuagana bila kuondoka nalo.

Jamii zetu huulizana habari za maradhi, ila huuliza msibani. Huko ndiko mtu husikika akinong'ona, "Kwani marehemu alikuwa anaumwa nini?" Kufikia hapo mwenye kujua zaidi ameshazikwa, na walio hai wamegubikwa na majonzi. Sherehe ina faida ambazo msiba hauna. Wazee wapo na ndimi zao ni nyepesi. Upande wa baba na upande wa mama hukutana chini ya turubai moja. Kila mwaka mwezi wa Desemba, familia nyingi za Wachaga hupanda mabasi kurudi Kilimanjaro, na vizazi vitatu au vinne hukaa uani pamoja. Hakuna jalada la hospitali lenye kumbukumbu nyingi kama ua huo.

Kumbukumbu hizo, hata hivyo, hazisemwi kwa lugha ya hospitali. Shangazi hatasema kiharusi. Atasema babu aliamka asubuhi moja upande mmoja umekufa ganzi na mdomo umepinda. Atamtaja bibi aliyekuwa akinywa maji usiku kucha, na mwishowe akakatwa mguu kwa kidonda kisichopona. Atamkumbuka mtoto aliyelia kwa maumivu ya mifupa kila msimu wa baridi, macho yakiwa ya njano, akafa mdogo huku watu wakisema amerogwa. Mhudumu wa afya anayesikia simulizi hizi kwa makini hutambua ndani yake dalili za kiharusi, kisukari na selimundu. Hawezi kuthibitisha ugonjwa kwa simulizi peke yake, lakini hupata njia ya kuanzia uchunguzi.

Lugha ya undugu nayo yataka uangalifu. Katika nyumba zetu baba mdogo huitwa baba, na mtoto wa mama mkubwa huitwa dada. Upendo huo ni mzuri, lakini jalada linaloandika "baba ana kisukari" laweza kupotosha. Yafaa kuuliza: ni baba aliyekuzaa? Dada huyo ni wa tumbo moja nawe? Uzito wa habari hutegemea ukaribu wa damu, wa kwanza wakiwa wazazi, ndugu wa kuzaliwa pamoja na watoto. Umri nao una maana. Baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada aliyeupata kabla ya miaka 65, ni onyo zito kuliko babu aliyeugua akiwa na miaka 85. Vivyo hivyo, saratani ya matiti iliyompata mama kabla ya miaka 50 ni habari ambayo binti zake wanapaswa kumfikishia daktari mapema.

Kwa selimundu, kuuliza pekee hakutoshi. Mtu mwenye kinasaba kimoja cha ugonjwa huu kwa kawaida haumwi, na huenda asijijue. Wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa. Kipimo cha damu hutoa jibu, na wakati wake mwafaka ni kabla ya mimba, ikiwezekana tangu siku za uchumba.

Wapo watakaosema kutaja maradhi katikati ya shangwe ni uchuro. Wengine watahofia siri za watu, na hofu hiyo ina haki. Hakuna anayepaswa kulazimishwa kutaja hali yake, na ugonjwa wa mtu si kitoweo cha umbea. Ndiyo maana jambo hili halifai kipaza sauti. Linafaa jamvini, baada ya chakula, kijana mmoja mwenye heshima akimwuliza bibi yake taratibu na kuandika katika daftari: nani, aliugua nini, akiwa na umri gani. Wala majibu hayo si hukumu. Mwenye mzazi aliyeugua kisukari yuko katika hatari zaidi, lakini kupima mapema, kupunguza uzito uliozidi na kuushughulisha mwili hupunguza hatari hiyo.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kumwambia mgonjwa aepuke sherehe haufai. Mgonjwa na aende, abebe dawa zake na kuzimeza kwa saa zake, apakue pilau kwa kiasi na anywe maji badala ya soda. Akisema waziwazi kwamba ana kisukari, huenda mdogo wake akaenda kupima wiki hiyo hiyo.

Nao wahudumu wa afya wasiridhike na "sijui" wakaacha nafasi tupu katika jalada. Wamwambie mgonjwa, "Ukienda nyumbani, waulize wazee, kisha utuletee habari." Wazee hao hawatakuwapo daima, na kila mwaka unaopita huondoka na mmoja wao, pamoja na majibu ambayo wajukuu wake watayahitaji.