Pasi, Birika na Hesabu ya Umeme

Katika nyumba za kupanga za Nyakabiga, mjini Bujumbura, waya mmoja wa umeme wa Regideso waweza kulishwa vyombo vingi kwa pamoja. Hatari yake hupimika kwa hesabu ndogo.

Umeme wa nyumbani husukumwa kwa volti 220, na mkondo wake hupimwa kwa ampea. Volti zikizidishwa kwa ampea, hupatikana wati, yaani nguvu ya chombo. Zikigawanywa kwa ampea, hupatikana omu, yaani ukinzani wake. Kanuni hii ilitangazwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827.

Pasi ivutayo ampea 5 ina wati 1,100 na ukinzani wa omu 44. Birika la umeme livutalo ampea 10 lina wati 2,200 na omu 22. Vikitumiwa pamoja, waya hubeba ampea 15.

Ikiwa waya huo ulitengenezewa ampea 10, joto lake huzidi maradufu, maana joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa mkondo: 10 mara 10 ni 100, bali 15 mara 15 ni 225. Ganda huyeyuka, na penye nyumba zilizobanana moto haukawii kumfikia jirani.

Basi mama wa nyumba na asome wati zilizoandikwa juu ya kila chombo, azigawanye kwa 220, kisha ajumlishe ampea. Fyuzi ikikatika, isibadilishwe kwa kipande cha waya. Nguo zipigwe pasi kwanza. Maji ya chai yachemshwe baadaye.