Kompyuta zimefika shuleni, lengo la mwalimu liko wapi?

Machi 24, 2019, mjini Dubai, mwalimu kutoka Kenya, Peter Tabichi, alitangazwa mshindi wa tuzo ya mwalimu bora duniani na kuzawadiwa dola milioni 1 za Kimarekani. Waswahili wengi, nyumbani na ughaibuni, walishangilia, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini katika shangwe zile kuna jambo moja lililopita bila kutiliwa maanani. Shule yake ya sekondari ya Keriko, katika kaunti ya Nakuru, ilikuwa na kompyuta 1 tu, mtandao wa kusuasua, na mwalimu 1 kwa wanafunzi 58. Hata hivyo, ilielezwa kuwa mwalimu huyo wa hisabati na fizikia alitumia teknolojia katika asilimia 80 ya vipindi vyake.

Aliwezaje? Alikwenda kwenye vibanda vya intaneti, akapakua alichokihitaji, kisha akakitumia darasani bila mtandao. Tuzingatie hapo. Anayelipia mtandao kwa dakika hapakui ovyo. Ni lazima awe ameshajua kesho anafundisha nini, na wanafunzi wake wanakwama wapi. Matokeo yalionekana: wanafunzi wa shule hiyo walipata tuzo ya jumuiya ya wanakemia ya Uingereza kwa mradi wa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya kwao.

Sasa tulinganishe na namna serikali zinavyolitazama suala hili. Itakumbukwa kwamba katika kampeni za uchaguzi wa 2013, wananchi wa Kenya waliahidiwa kompyuta kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Ugawaji ulianza 2016, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vilifikishwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Si kazi ndogo hiyo. Lakini kilichohesabiwa zaidi ni vifaa. Peru nayo iligawa kompyuta kwa mamia ya maelfu ya watoto, na tathmini iliyochapishwa 2012 haikuona maendeleo yoyote katika alama za hisabati na lugha. Tanzania ilipita njia nyingine kidogo: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara zaidi, kwani angalau kifaa kilianzia kwa anayeandaa somo.

Swali la kujiuliza ni hili: mwalimu anataka teknolojia imfanyie nini? Tuchukue somo la baiolojia, mada ya mzunguko wa damu. Kwa chaki, mwalimu huchora moyo wenye vyumba vinne na mishale myekundu na ya buluu. Mwanafunzi hunakili, hukariri, na katika mtihani hutaja majina yote. Muulize kwa nini damu inapita kwenye moyo mara mbili kabla ya kumaliza safari yake, ananyamaza. Mchoro hautembei. Filamu ya dakika moja inaonyesha damu ikienda mapafuni kuchukua oksijeni, ikirudi, kisha ikisukumwa mwilini. Mwalimu anaisimamisha katikati na kuuliza: sasa inakwenda wapi? Hapo kifaa kina kazi. Katika andalio la somo, lengo mahsusi halisomeki "wanafunzi watumie kompyuta", bali "mwanafunzi aweze kueleza kwa nini damu hupita moyoni mara mbili". Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo inayoamua kama projekta itawashwa au itabaki kabatini.

Kuna pia shule zisizo na maabara, ambako majaribio ya kemia husimuliwa kama hadithi. Huko filamu si anasa. Lakini kuna vipindi ambavyo chaki inatosha kabisa, na mwalimu anayejua hivyo asionekane kapitwa na wakati. Insha huandikwa kwa kalamu na kusahihishwa na binadamu.

Nasi tulio nje hatuna usafi wa kunyoosha vidole. Niliwahi kuchangia, pamoja na wenzangu hapa Ujerumani, kontena la kompyuta zilizotumika kwa ajili ya shule moja nyumbani. Picha za makabidhiano zilipendeza. Nilipofika huko likizo, miaka miwili baadaye, nilizikuta stoo zikiwa zimefunikwa kwa nailoni, nyingi zikiwa na programu za Kijerumani ambazo hakuna aliyezielewa. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu, naye alikuwa safarini. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyekuwa ameulizwa anafundisha nini. Sisi wenyewe hatukuuliza.

Tulipotaka kukusanya tena, safari hii tuliandika kwanza kwa mwalimu wa sayansi wa shule hiyo hiyo, tukamwomba atuambie ni mada zipi zinawashinda wanafunzi wake, na angehitaji nini. Jibu lake lilikuwa fupi. Alitaja mada tatu, kisha akaomba projekta moja, spika, flashi yenye filamu za mada hizo, na fundi wa kutengeneza paneli ya sola iliyokuwa imeharibika. Kompyuta hakuomba hata moja.