Kifurushi Kiko Wapi? Tuambiwe Ukweli

Kutoka Barabara ya Dubois hadi Kangemi ni safari ya matatu moja. Hata Waiyaki Way ikisongamana vipi, abiria aliyetoka mjini saa kumi atakula chajio nyumbani. Kifurushi kilichotoka mtaa uo huo huweza kukaa siku nne kabla hakijamfikia mwenyewe, na siku zote hizo simu ya mteja inamwambia kwamba kiko njiani, kitafika leo.

Kuchelewa tunakuvumilia. Mvua hunyesha, barabara hufungwa, pikipiki huharibika. Tusichoweza kukivumilia ni kudanganywa kuhusu mzigo tulioulipia. Kampuni inayompa mteja nambari ya kufuatilia mzigo imempa ahadi, na ahadi hiyo inafaa kuibana kisheria kama inavyoibana risiti.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Muuzaji wa viatu katika kibanda cha ghorofani karibu na Moi Avenue anafunga jozi moja kwa karatasi ya kaki, anaizungushia selotepu, anaandika jina na nambari ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Anaipeleka kwenye ofisi ya usafirishaji, anapewa stakabadhi yenye nambari. Pale kaunta kifurushi kinapigwa skana. Baada ya hapo kitapita mikononi mwa anayepanga mizigo, dereva wa gari, wakala wa mtaani na mwendeshaji bodaboda. Mmoja wao asipokipiga skana, ukurasa wa ufuatiliaji unabaki ulivyokuwa asubuhi. Mara nyingine mizigo ya gari zima huandikwa kwa mpigo mmoja kwamba imeondoka, ilhali sehemu yake ingali sakafuni ghalani. Mteja wa Kangemi haoni sakafu hiyo. Anachoona ni neno "njiani".

Jioni neno hilo linageuka: "mteja hakupatikana". Mteja alishinda na simu mkononi na hakupigiwa na mtu. Maneno hayo mawili ndiyo yanayowakera watu kuliko ucheleweshaji wenyewe, kwa sababu yanahamisha kosa. Kampuni imeshindwa kufika, lakini kwenye rekodi mwenye hatia ni mtu aliyekuwa akisubiri, labda aliyeomba ruhusa kazini au aliyefunga kibanda chake mapema ili ampokee mjumbe. Muuzaji naye anapigiwa simu za hasira kwa mzigo ambao haumo tena mikononi mwake. Mwishowe anarudisha pesa, nauli ya kifurushi inamwangukia yeye, na mteja hamrudii.

Viatu vinaweza kusubiri. Lakini mifuko hiyo hiyo ya kijivu hubeba vyeti vya shule vinavyotakiwa kabla ya siku ya mwisho ya maombi, pasipoti, dawa, na vipuri vya mashine ambayo bila yake fundi wa Uthiru hawezi kufanya kazi. Watu hupanga siku zao kwa kufuata kilichoandikwa kwenye ukurasa huo. Ungekuwa mtupu, wangejipanga kwa namna nyingine. Wangetuma mtu mjini akauchukue mzigo mwenyewe.

Wenye kampuni hujitetea kwamba Nairobi haina anwani. Wana hoja. Posta yetu ilijengwa juu ya masanduku, haikujengwa juu ya milango ya nyumba. Msimbo 00505 unakufikisha Ngong Road, 00606 Sarit Centre, 00800 Westlands, na hapo unakoma. MPost, iliyoanza kufanya kazi na Posta mwaka 2016, iliwezesha nambari ya simu kuwa anwani, na mteja akawa anapata arafa barua yake inapofika. Ulikuwa ubunifu wa maana, uliofanywa na vijana wa humu humu nchini. Hata hivyo anayepeleka mzigo Kawangware bado anaelekezwa kwa steji, kanisa na rangi ya geti.

Ila hoja hiyo haiendi mbali. Kwa miaka mingi watu wa Nairobi wametuma mizigo kwa matatu na mabasi. Kondakta wa matatu nambari 46 anapewa bahasha mjini, anaambiwa ni ya duka fulani la dawa pale Kawangware, na bahasha inafika. Mabasi yanayotoka River Road na Accra Road hubeba magunia, televisheni na sare za shule usiku, na alfajiri mtu wa Kisumu au Busia anapigiwa simu aje achukue. Hakuna ramani wala programu ya simu. Kuna mtu anayejua kwamba mzigo uko naye, na anapokea simu akipigiwa. Hatusemi njia hiyo haina hatari. Bahasha ikipotea, aghalabu huna pa kudai. Lakini inatuonyesha kwamba jiji hili linapitika, na kwamba mtoa huduma anaweza kusema ukweli kwa gharama ya simu moja.

Mizigo ya ng'ambo ina tatizo lake. Nambari ya kimataifa ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi. Ya kwetu huishia KE. Tarakimu ya tisa huwekwa kwa hesabu maalumu ili kosa la kuandika ligunduliwe. Muundo huo ni wa Umoja wa Posta Duniani, na kwa sababu yake kifurushi kilichosajiliwa posta kuu ya GPO kinasomeka Muscat na London. Ni mpango mzuri, lakini nambari haijui chochote mpaka mtu auguse mzigo na kuurekodi. Mzigo unaweza kuwa umeshatua uwanja wa ndege wa JKIA na unangoja ukaguzi wa forodha, huku ukurasa ukisema umeondoka Uingereza na kunyamaza. Mteja anaanza kufunga safari za kwenda mjini kuuliza. Sentensi moja ingetosha: mzigo uko forodhani, unahitaji stakabadhi ya ununuzi, uilete.

Wakenya wanajua uthibitisho wa kweli ulivyo. Tangu Machi 2007, anayetuma pesa kwa M-Pesa na anayepokea hupata ujumbe wenye msimbo, kiasi, tarehe na saa. Mama mboga wa Kangemi huamini ujumbe huo kuliko anavyoamini noti. Kampuni za vifurushi zinahudumia watu hao hao, na nyingi hulipwa kupitia simu hizo hizo. Haziwezi kudai kwamba wateja wao wanataka makuu.

Tunajua pia kwamba biashara hii haina faida nono. Kampuni ya usafirishaji ya Sendy ilisitisha kazi mwaka 2023, na mwaka uliofuata Copia Global, iliyouza na kupeleka bidhaa, ikawekwa chini ya wasimamizi. Petroli ni ghali na wateja wanataka kupelekewa kwa bei ya chini. Waendeshaji bodaboda wengi hulipwa kwa kila mzigo waliofikisha, na petroli na hata muda wa maongezi hutoka mifukoni mwao. Mtu kama huyo, akipewa mizigo mingi kuliko saa alizonazo, ataandika "hakupatikana" ili afunge orodha. Hatumlaumu yeye kwanza. Lawama ni ya aliyempangia kazi isiyowezekana kisha akampa kitufe cha kuificha.

Sheria ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma bora, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma hiyo kikamilifu, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro zake. Kinazibana taasisi za umma na kampuni za kibinafsi vilevile. Kampuni za vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, na mamlaka hiyo imeonyesha inaweza kuwa kali: imepima ubora wa mitandao ya simu na kuzitoza faini kampuni zilizoshindwa kufikia viwango. Kifurushi kinastahili kushughulikiwa kwa uzito huo huo. Ipimwe ni mizigo mingapi iliyofika siku iliyoahidiwa, na matokeo yatangazwe kwa jina la kila kampuni, ili muuzaji wa Moi Avenue ajue ampe nani viatu vyake.

Na leseni iseme wazi kwamba hakuna kampuni itakayoandika "mteja hakupatikana" bila rekodi ya simu iliyopigwa, saa na nambari. Ikibainika simu haikupigwa, ada ya kupeleka irudishwe siku hiyo hiyo, bila mteja kujaza fomu wala kuomba. Kila mzigo unapobadili mikono, anayeupokea aupige skana kabla hajausogeza. Kampuni isiyoweza kufanya hivyo leo na iondoe ukurasa wake wa ufuatiliaji, imwambie mteja kwamba atapigiwa simu mzigo ukifika, kisha impigie.