Maparachichi Yako Hupokewa na Mashine



Mwezi uliopita nilikaa na mzee mmoja kando ya makreti ya maparachichi. Tulikuwa tunangoja lori. Mzee akaniuliza, "Bwana Shamba, haya yakifika Ulaya, nani anayapakua?" Nikamjibu, "Mzee wangu, yanapakuliwa na mashine." Akacheka. Alidhani namtania.

Sikumtania. Maparachichi mengi ya Kenya na Tanzania yanayokwenda Ulaya kwa meli hushukia Rotterdam, katika nchi ya Uholanzi. Hiyo ndiyo bandari kubwa kuliko zote za Ulaya. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 40. Sehemu yake mpya ilikuwa bahari. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2013 Waholanzi walifyonza mchanga kutoka chini ya bahari, wakaumwaga mpaka ikawa nchi kavu.

Matunda yako husafiri ndani ya kontena. Kontena ni sanduku kubwa la chuma. Kontena la matunda lina mashine ya baridi, kama friji la dukani. Mashine hiyo hutaka umeme usiku na mchana.

Zamani mizigo ilibebwa na makuli, gunia kwa gunia. Kisha zikaja winchi na malori, na kila moja lilikuwa na mtu wake. Mwaka 1993 Rotterdam ilifungua gati ambalo magari yake ya kubeba makontena hayana dereva. Hayana kiti wala usukani. Gari hujua njia kwa alama zilizofukiwa ardhini. Kompyuta ndiyo inayoliambia liende wapi na lisimame wapi. Lakini magari yale ya kwanza yalitumia dizeli. Dereva aliondoka, moshi ukabaki.

Mwaka 2015 gati jingine lilifunguliwa kwenye ile nchi kavu mpya. Hapo magari hutumia betri. Betri ikikaribia kwisha, gari hujipeleka lenyewe kwenye banda. Mashine hutoa betri iliyokwisha, huweka iliyojaa, na gari hurudi kazini. Winchi nazo ni za umeme. Mwendeshaji wake hapandi juu tena. Anakaa ofisini mbele ya televisheni, anashika mpini mdogo. Mvua haimpigi. Na pale magari yanapopita watu hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo hakuna wa kugongwa.

Nilipomweleza mzee mambo haya aliacha kucheka. Akauliza, "Na wale makuli, watoto wao wanakula nini?"

Wao wenyewe waliuliza swali hilo. Januari 2016 wafanyakazi wa makontena wa Rotterdam waligoma kwa saa 24. Walikuwa hawajagoma kwa miaka 13. Waliona magati mapya yanachukua meli nyingi kwa watu wachache, wakaogopa kwamba mamia yao watakosa kazi. Hawakuvunja mashine hata moja. Walitaka ahadi. Mwaka huo huo vyama vyao vilipatana na makampuni kwamba wafanyakazi hawataachishwa kazi mpaka katikati ya mwaka 2020. Mimi nadhani walifanya vizuri kudai mapema. Mtu akishafungasha virago, nani atamsikiliza?

Kuhusu moshi, kazi bado ni kubwa. Meli ikifunga gatini haizimi injini zote. Hubaki na jenereta za taa na za kupoza makontena, na jenereta hizo hutoa moshi karibu na nyumba za watu. Dawa yake ni kuvuta umeme kutoka nchi kavu kwa waya mnene, meli ikanyamaza. Nchi za Umoja wa Ulaya zimepitisha sheria: kuanzia mwaka 2030 meli za makontena na za abiria zitatakiwa kutumia umeme huo katika bandari kubwa.

Tena Rotterdam si bandari ya makontena tu. Ina viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta, na viwanda hivyo vina mabomba ya moshi. Mwaka 2023 iliamuliwa kujenga bomba la kukusanya hewa ya ukaa ya viwanda. Hewa hiyo itasukumwa chini ya Bahari ya Kaskazini, mahali palipochimbwa gesi zamani pakabaki patupu. Wengine wanasema huko ni kuficha taka chini ya kitanda. Wengine wanasema ni afadhali huko kuliko hewani. Lakini mafuta yenyewe bado yanapita pale kwa wingi.

Lori letu lilifika saa kumi jioni. Tulipakia makreti kwa mikono, watu sita, na mzee akiwa mmoja wao. Kreti la mwisho alilishika mwenyewe, akasema, "Hili liambie lile gari lisilo na dereva lisilitupe."

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuchuma maparachichi na kuacha kikonyo.