Darubini za joto kwa walinzi wa parki: tusinunue macho yasiyomjua mtu

Usiku, kandokando ya Ziwa Edouard, hakutembei watu wa aina moja tu. Yuko mvuvi wa Vitshumbi au Kyavinyonge anayefuata nyavu zake. Yuko mama aliyekimbia kijiji chake na watoto, akalala porini kwa kuogopa wenye silaha. Yuko kijana mwenye gunia la makala mgongoni. Na yuko jangili aliyekuja kuua kiboko au tembo. Wote wanne wana joto lilelile la mwili. Kwenye darubini ya joto ya bei rahisi, wakiwa mbali, wote wanne ni doa moja jeupe.

Darubini hizi zinazofungwa juu ya bunduki zilikuwa zamani mali ya majeshi makubwa. Leo mtu anaziagiza kwenye intaneti, na wawindaji wa Marekani wanazitumia kuwinda nguruwe pori usiku. Za bei ya chini zinapatikana kwa dola elfu 1 hivi, hata chini ya hapo. Zile nzuri zinafika dola elfu 5 hivi. Kwa taasisi yenye mfuko mdogo kama ICCN, inayosimamia parki zetu, na kwa wafadhili wake, kishawishi ni kikubwa: kwa nini ununue moja wakati unaweza kununua tano?

Jibu liko ndani ya kifaa chenyewe. Darubini ya joto haitumii mwanga. Inasoma joto linalotoka kwa mtu, mnyama, jiwe au injini, na kulichora kuwa picha. Picha hiyo imejengwa kwa vidoto vidogo, yaani pikseli. Darubini nyingi za bei rahisi zina pikseli 256 kwa 192, jumla yake elfu 49 hivi. Zile za juu zina 640 kwa 512, ambazo ni zaidi ya elfu 327. Tofauti ni zaidi ya mara sita.

Muuzaji hakuelezi hivyo. Kwenye karatasi yake anaandika kwamba kifaa kinaona mtu kwenye mita 1200. Si uongo, ila neno «kuona» linaficha jambo. Tangu mwaka wa 1958, mtaalamu wa jeshi la Marekani aitwaye John Johnson alitenganisha hatua tatu: kugundua kwamba kuna kitu, kutambua kama ni mtu au mnyama, na kujua ni mtu wa namna gani. Kwa hesabu yake, hatua ya mwisho inahitaji vidoto zaidi ya mara sita kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo ile darubini ya mita 1200 itakusaidia kujua nani yuko mbele yako akiwa chini ya mita 200, tena hewa ikiwa safi. Ikinyesha mvua au ukungu ukishuka, umbali huo unapungua zaidi. Majani mazito nayo yanaficha kila kitu. Na saa za jioni, mawe ya volkano yaliyopigwa na jua mchana kutwa bado yanang'aa kama viumbe hai.

Kati ya mita 200 na mita 1200 ndipo raia wetu wanapoweza kufa. Katika nafasi hiyo, mwenye bunduki anajua kuna kitu chenye joto, lakini hajui kama kilicho begani ni bunduki, jembe au kasia.

Tuseme wazi: hatuandiki haya kuwapinga walinzi. Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, imezika zaidi ya 200 kati yao. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, 12 waliuawa kwa siku moja pamoja na raia watano. Mlinzi anayetumwa usiku mbele ya watu wenye silaha za vita ana haki ya kuuliza: mnataka ningoje mpaka wanifikie?

Hapana. Lakini darubini dhaifu haimlindi hata yeye. Doa jeupe linaweza pia kuwa mwenzake wa doria aliyezunguka upande wa pili wa kilima. Kuna na tatizo lingine: baadhi ya darubini za bei ya chini hazivumilii mtikisiko wa bunduki. Baada ya risasi kadhaa, alama ya kulenga inahama, na mlinzi anapiga mahali asipokusudia. Mwenye kifaa kibaya anajiamini kuliko asiye na kifaa, na hapo ndipo hatari inapozidi.

Je, basi tununue ghali tu? Si lazima. Kabla ya kuuliza bei, tuulize kazi. Kazi ya kwanza ya mlinzi usiku ni kutazama, na kwa kutazama hahitaji kumwelekezea mtu mdomo wa bunduki. Darubini ya bunduki ina ubaya huo: ili kumchunguza mtu, lazima kwanza umlenge. Darubini ya mkononi haina shida hiyo, na kwa kawaida ni nafuu kuliko ya bunduki yenye ubora uleule.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo. Mwaka wa 2016, shirika la WWF lilipeleka kamera za joto Maasai Mara, nyingine zikifungwa juu ya gari, nyingine zikishikwa mkononi. Katika miezi michache ya kwanza, washukiwa wa ujangili zaidi ya 20 walikamatwa. Tulitilie maanani neno hilo: walikamatwa. Kamera iliwaonyesha walinzi pa kwenda, nao wakaenda kuwashika watu wakiwa hai.

Tuchukue mfano wa mfuko wa dola elfu 20. Unaweza kununua darubini 20 dhaifu za bunduki. Unaweza kununua nne nzuri. Au unaweza kununua tano nzuri za mkononi kwa dola elfu 3 kila moja, na kubaki na elfu 5 za mafunzo, betri za akiba na matengenezo. Sisi tunachagua njia ya tatu, bila kusitasita.

Tunaomba mambo matatu kwa ICCN na kwa wale wanaolipia vifaa vyake. Kwanza, kabla ya kununua, kifaa kijaribiwe hapahapa, kwenye ukungu na mvua zetu, na kipimwe kwa umbali wa kumjua mtu, si umbali wa kuona doa. Pili, liwepo agizo lililoandikwa: asiyejulikana hapigwi risasi kwa sababu tu ana joto. Tatu, kila darubini iandikishwe kwa namba yake kama bunduki, na ikipotea itangazwe. Katika Kivu ya Kaskazini, kifaa cha usiku kinachoporwa leo kinaweza kutumiwa kesho dhidi ya kijiji.

Wakaaji wanaozunguka parki wamekwisha kugombana nayo vya kutosha juu ya mashamba, samaki na makala. Mvuvi mmoja akiuawa usiku kwa kudhaniwa jangili, kijiji kizima kitafunga mdomo, na hakuna darubini ya bei yoyote itakayowapa walinzi habari ambazo kijiji hicho kilikuwa kikiwapa bure.