Kuzima seva ya hospitali kusiwe kuzima kumbukumbu za wagonjwa

MWEZI Mei 2024 uliwaachia wakazi wa Kilwa na Lindi funzo. Mapema mwezi huo, mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya yalikata barabara iendayo Dar es Salaam katika eneo la Somanga. Siku chache baadaye, Mei 12, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchini.

Funzo hilo linazihusu seva zinazotunza kumbukumbu za wagonjwa. Awali, mfumo wa GoTHOMIS unaotumika katika vituo vya afya vya umma ulitegemea seva iliyofungwa ndani ya kituo chenyewe. Mwelekeo uliofuata ni kuhamishia kumbukumbu kwenye seva zinazosimamiwa kwa pamoja. Uamuzi huo una mantiki: hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma vya kompyuta, umeme hukatika, na fundi hutoka mbali.

Hoja ni namna ya kuiondoa mashine kongwe, iwe ya kituoni au iliyomo katika kundi la pamoja. Kwanza, ithibitike kwamba seva zinazobaki zinaumudu mzigo, hata kama nyingine itaharibika siku hiyo hiyo. Pili, mashine inayostaafu isipewe kazi mpya, bali imalize iliyonayo. Tatu, nakala za kumbukumbu zihamishwe na kufunguliwa ili kuona kama zinasomeka. Hapo ndipo mashine iondolewe kwenye orodha ya kundi na kuzimwa. Tena ziondolewe moja moja: kumbukumbu yenye nakala tatu hubakiwa na moja tu iwapo mashine mbili zinazoitunza zitang'olewa kwa pamoja.

Kazi haiishii hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka mwenye kukusanya taarifa azilinde. Kufuta mafaili pekee hakutoshi, kwani yanaweza kurejeshwa. Diski haina budi kusafishwa yote au kuvunjwa, na tendo hilo liandikwe.

Kwa mgonjwa wa Kilwa Kivinje au Songosongo anayefikishwa usiku, kumbukumbu iliyopotea ni dawa inayotolewa kwa kubahatisha. Ni busara, basi, seva ya zamani ising'olewe kabla mfumo mpya haujavuka japo masika moja. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.