Daftari la wiki: Nikeli moja, mbingu mbili

Jumatatu

Mwishoni mwa Septemba ndipo mwaka wa mkulima wa Ngara unapoanza. Vumbi la kiangazi bado limetanda kwenye migomba kando ya barabara inayoteremka hadi mpakani Kabanga, lakini majembe yameshatiwa mipini mipya na mbegu za maharage zinachambuliwa barazani. Wingu likijikusanya upande wa Burundi, kila mtu huinua macho.

Wiki hiihii, katika mji wa Sudbury, jimbo la Ontario nchini Kanada, mambo ni kinyume. Majani ya miti yanageuka mekundu na ya manjano, bustani zinavunwa kwa mara ya mwisho, na baridi inabisha hodi. Sisi tunafungua msimu, wao wanafunga.

Nimeichagua Sudbury kwa sababu inatuhusu. Ngara na Sudbury zimekalia madini ya aina moja, nikeli, na ya kwetu yalikuwa mikononi mwa Wakanada kwa miaka mingi. Baada ya utafiti wa miaka ya 1970 uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, mradi wa nikeli wa Kabanga uliingia mikononi mwa Barrick ya Kanada mwaka 1999. Mwaka 2005 Barrick ikaingia ubia na Falconbridge, kampuni iliyokulia katika migodi ya Sudbury. Anayetaka kujua kesho ya Kabanga ana sababu ya kuisoma jana ya Sudbury, mradi asisahau kwamba ardhi na hali ya hewa za huko si za hapa.

Jumanne

Tuanze na jua. Kabanga iko chini kidogo ya ikweta, hivyo mchana wake hukaribia saa kumi na mbili mwaka mzima. Ila kwa kuwa tuko magharibi kabisa mwa Tanzania na saa zetu ni za Dar es Salaam, jua hutuchomozea kuelekea saa moja asubuhi. Dereva wa lori akishagongewa mihuri na kuingia Kobero, upande wa Burundi, anarudisha saa yake nyuma kwa saa nzima, na jua liko palepale.

Sudbury iko nyuzi 46 na nusu kaskazini mwa ikweta. Mwezi Juni jua huko huzama baada ya saa tatu usiku, na watoto hulazwa mwanga ukiwa bado dirishani. Mwezi Desemba limeshazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwetu mwanga ni mali ya kila siku. Kwao huja kwa wingi majira ya joto, kisha ukaadimika. Mche wa huko hauna budi kufanya kazi yake yote ya kukua kati ya Mei na Septemba.

Jumatano

Wengi hudhani tofauti kubwa ya nchi hizi ni joto. Wastani wa Julai huko Sudbury ni nyuzi 19 hivi za Selsiasi, na hilo halipishani sana na hali yetu ya kawaida, maana vilima vya Ngara viko juu kuliko Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Ngara akishuka Sudbury mwezi Julai hatahitaji zaidi ya sweta lake la jioni. Arudi Januari ndipo ataona: wastani ni nyuzi 13 chini ya sifuri, na Ziwa Ramsey lililo katikati ya mji huganda hadi watu wakateleza juu yake kwa viatu vya chuma.

Kiasi cha maji nacho hakipishani mno. Ukiyeyusha theluji yao na kuijumlisha na mvua, Sudbury hupata milimita 900 hivi kwa mwaka, nasi hupata elfu moja hivi au zaidi. Kinachotofautiana ni namna yanavyofika. Yao hulala juu ya ardhi iliyoganda kwa miezi kadhaa, kisha yakayeyuka majira ya kuchipua. Yetu huanguka kwa kishindo kuanzia Septemba hadi Desemba, yakapumua kidogo, yakarudi Februari hadi Mei, na hukuta miteremko mikali.

Shuka kwenye shamba lolote baada ya mvua ya kwanza utaona. Chini ya migomba iliyotandazwa nyasi, maji yamezama na udongo ni mweusi, unashikana mkononi. Hatua chache pembeni, kwenye kipande kilicholimwa kufuata mteremko, kuna vijifereji vyekundu vyenye upana wa kidole, na mbegu za maharage zimekusanyika bondeni.

Alhamisi

Mawe yenyewe yana historia tofauti. Bonde la Sudbury lilichimbika pale kimondo kikubwa kilipoigonga dunia miaka bilioni 1.85 iliyopita. Nikeli ya Kabanga ilipanda na uji wa mawe kutoka chini ya ardhi, karibu miaka bilioni 1.4 iliyopita, katika ukanda unaoendelea hadi Musongati, Burundi. Wakanada waliyaona madini yao mwaka 1883 walipokuwa wakichimba njia ya reli.

Maji ya nchi zote mbili huishia kwenye maziwa makubwa. Mito ya Sudbury huteremka hadi Ziwa Huron, ambalo ni dogo kuliko Viktoria. Kwetu Ruvubu unakutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, na kutoka hapo Kagera unabeba maji hadi Viktoria, kisha Nile. Kitakachomwagika mtoni Ngara hakitabaki Ngara.

Ijumaa

Sudbury ilipitia adhabu. Madini yake, kama ya Kabanga, yamefungamana na salfa. Wachimbaji wa mwanzo waliyachoma hadharani juu ya marundo ya magogo, moshi ukatambaa ardhini na kuua mimea. Misitu ikaisha, mvua ikaosha udongo, miamba ikabaki uchi na nyeusi. Mwaka 1972 likajengwa bomba la moshi la mita 381. Mji ulipata nafuu, lakini salfa ilisafirishwa mbali na upepo na kurudi kama mvua ya tindikali.

Mwaka 1978, miaka 95 tangu madini yaonekane, mji ulianza kujitibu. Vijana walipanda vilima na magunia ya chokaa, wakainyunyiza kwa mikono kupunguza tindikali ya udongo, wakafuatisha mbegu za nyasi, kisha miche. Miti iliyopandwa sasa imepita milioni 10.

Nasi tunakijua kilima kilichovuliwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, hapa Ngara, ikawa kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule. Walikuwa wakikimbia kifo, na kila chungu kilihitaji kuni. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini miti ilikwisha kwa kilomita nyingi, na wazee wa Ngara wanaikumbuka mandhari ile.

Jumamosi

Mwaka 2021 Serikali ilisaini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Tanzania ina hisa asilimia 16. Mpango ni kuchimba hapa na kusafishia madini Kahama kwa njia ya maji na kemikali, badala ya kuyeyusha kwa moto. Hilo ni jema, maana linatuepusha na moshi wa Sudbury.

Lakini hatari yetu kubwa ni maji. Mawe yenye salfa yakikutana na hewa na mvua huzaa tindikali bila moto wowote. Sudbury ardhi huganda miezi kadhaa. Ngara mvua huja misimu miwili, juu ya miteremko, kuelekea mto wa nchi nyingi. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa Mwadui, Shinyanga, lilipasuka na kufunika mashamba. Bwawa la topesumu la Kabanga lazima lipimwe kwa mvua ya Ngara, siyo kwa vitabu vya nchi za theluji.

Kwa hiyo naiomba halmashauri na kampuni mambo matatu kabla ya mtambo wa kwanza kuwashwa. Maji ya mito na visima yapimwe sasa, na majibu yabandikwe ofisi ya kila kijiji. Vilima vinavyozunguka mgodi viwekewe makinga maji na miti. Na fedha za kufukia mashimo na kurudisha uoto zitengwe mapema. Kanada tajiri ilichelewa miaka 95 na bado inapanda miche. Mkulima wa Ngara, ambaye chakula chake chote kimo katika udongo wa mteremko huu, hana hata msimu mmoja wa kusubiri.